Selpha Nekoye Opiyo na Kamba ya Mlolongo, 1949–1998

Wachungaji wetu, wazee wa boma, akina mama, majirani wa Dunga na wa Kaloleni, na ninyi wageni mliokuja na magari mkapewa hema lenye viti vizuri, mimi ni Gordon Ochieng, mdogo wake marehemu Opiyo, na familia imenipa kazi ya kusoma historia ya shemeji yangu, Mama Selpha Nekoye. Nitaisoma yote, hata pale ambapo wengine wangependa niruke. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita kuna wazee hapa wanaosema Selpha azikwe nje ya ua, kwamba aliwafunga watu kamba kama ng'ombe na kumwacha mume wake akichinjwa, na jana jioni kaburi tulilochimba ndani, kando ya Opiyo, tulilikuta limejazwa miiba. Miiba nimeitoa mimi mwenyewe, na mikono hii hapa imechanika, lakini maneno hayatolewi kwa mikono, kwa hiyo naomba mnisikilize.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, Kimilili, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Waliaula na Mama Nakhungu. Alisoma shule ya msingi hukohuko hadi darasa la saba, mwaka 1965, akafaulu vizuri, lakini baba yake akasema sekondari ni ya kaka zake, na hilo Selpha hakulisahau mpaka kufa, ingawa yeye alimsamehe baba yake. Mwaka 1967 alikuja Kisumu kukaa na dada yake Kaloleni, na kazi ya kwanza aliyoifanya mjini, ambayo hakuna mtu aliyemwajiri, ilikuwa kupanga foleni ya maji. Wakati huo mfereji ulikuwa mmoja kwa nyumba nyingi, akina mama walikuwa wakipigana kwa madebe, na mmoja alikuwa ameshapasuliwa paji la uso, basi huyu msichana wa miaka kumi na minane akawaambia kila mtu ashike mkono wa debe la aliye mbele yake, asiuachie, ili anayetaka kuruka foleni aonekane mara moja. Vita vya maji vikaisha, na wale akina mama wa Kaloleni waliokaa pale nyuma wanaitikia kwa vichwa, wanajua sisemi uongo.

Kuanzia 1970 hadi 1986 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo hapa Kisumu, idara ya kufunga mizigo, na wafanyakazi wakamchagua kuwasemea mbele ya mameneja. Tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa kanisani na kaka yangu Opiyo, msimamizi wa wavuta juya wa Dunga, ule wavu mrefu unaovutwa kwa kamba kutoka ufuoni, mtu mwenye mabega mapana na maneno machache, na Mungu akawajalia watoto watatu, Awuor mwaka 1973, Ouma mwaka 1976 na Elsie mwaka 1981. Alijifunza Kijaluo kwa muda mfupi, akakisema kwa lafudhi ya Kimilili, nasi tulimcheka naye akatucheka, na siku zote alikuwa na kisu cha samaki kiunoni chini ya leso, maana alipotoka kiwandani aliuza samaki.

Siasa ilimkuta, hakuitafuta. Februari 1988, katika uteuzi wa mlolongo, watu waliambiwa wapange mstari nyuma ya picha ya mgombea, wahesabiwe mchana kweupe, na mstari wa mtu wetu ulikuwa umefika barabarani wakati vijana wa kukodishwa walipouingilia kwa nyahunyo na marungu, watu wakatawanyika, na karani akahesabu waliobaki. Selpha alipigwa mgongoni siku hiyo mpaka nguo ikashikamana na ngozi. Alirudi nyumbani, akalala kifudifudi, Benta dada yetu akawa anamkanda kwa maji ya chumvi, naye anasema, "Benta, hawakutushinda kura. Walivunja mstari kabla ya kuhesabu. Mstari usiovunjika hauibiwi."

Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, chama chetu kilikuwa na watu wawili waliotaka urais, ambao hapa tuliwaita Profesa na Tajiri, na wanachama wa kila tawi walitakiwa kupanga mlolongo ili ijulikane tawi linamtaka nani. Kambi ya Profesa ikamjia Selpha awapangie mkakati, naye akauleta ule wa mfereji wa Kaloleni, isipokuwa safari hii badala ya madebe alitumia kamba ndefu ya juya la Opiyo, yenye maboya yake, kila mtu na boya lake, wazee na akina mama wenye watoto wakae mkiani mwa mstari, mbali na picha, kwa sababu wavunjaji huanza na picha. Alizunguka Dunga, Nyalenda na Kaloleni akifundisha watu, na nilimsikia mimi mwenyewe akirudia mpaka sauti ikakauka, "Shikeni na mkono, msifunge! Kamba ni ya kushika." Wazee, hilo neno nalisema mara ya pili. Alisema msifunge.

Jumamosi tarehe 12 Septemba 1992, uwanjani, mlolongo wa Profesa ulisimama kwenye kamba, na nani asiyejua watu wa ufuo wetu? Mvuta juya ana mkanda wake kiunoni, huupachika kwenye kamba ili avute kwa mwili mzima, na kamba hiyo ikipita mbele yake mikono yake hufanya kazi bila kumuuliza. Wakajipachika, mmoja baada ya mwingine, na wasio na mikanda wakafunga leso na mishipi ya suruali, na wa kwanza kujifunga, akiwa mbele kabisa na picha kifuani, alikuwa Opiyo, kaka yangu, msimamizi wao. Selpha alikuwa anatoka mkiani kuja mbele, akiwafungua na kuwagombeza, wakati lori la mchanga lilipoingia uwanjani na watu wa Tajiri wamejaa juu.

Waligawanyika pande mbili. Wengine walikwenda mbele na mapanga, kuitafuta picha, na wengine wakakimbilia mkiani na chupa za petroli, wakamwagia wazee na akina mama waliokuwa wamejifunga, wakawasha. Mliokuwepo mnajua sauti ile. Mtu akikimbia kushoto anamvuta mwenzake aliyeanguka kulia, kamba nzima inatapatapa, na walio mbele wanaburutwa kifudifudi huku mapanga yanawafuata. Enos Wasike, aliyefanya kazi na Selpha kiwandani, alikuwa wa pili baada ya Opiyo, alikatwa mkono wa kulia pale pale, na leo yupo hapa, amekaa karibu na Mama Adero, aliyekuwa mkiani siku ile, na ndiye aliyesikia haya nitakayosema.

Selpha alikuwa amefika mbele, kisu kimeshatoka, ameshakiweka kwenye mkanda wa mume wake. Opiyo akausukuma mkono wake. Akamwambia, "Selpha, kwanza hao wa nyuma, wanaungua. Mimi utanikuta." Wasike anasema Selpha alisimama kidogo tu, akamtazama, kisha akakimbia kuelekea motoni, akaanza kukata mkanda mmoja baada ya mwingine, leso moja baada ya nyingine, nywele zake zinaungua, na kijana mmoja akampiga panga la kichwa, akaanguka, akainuka, akaendelea kukata. Mimi nilikatwa kutoka kwenye kamba hiyo na kisu hicho. Alipofika tena mbele, Opiyo alikuwa hana uhai, bado amejifunga, picha ya Profesa imeloa damu chini ya kifua chake. Hivyo ndivyo alivyomwacha mume wake, wazee.

Miezi miwili baadaye Profesa na Tajiri walipatana, wakapiga picha wakicheka na kushikana mikono, na hakuna aliyekuja kutupa pole. Mwaka jana walipotuma watu kumwomba Selpha awapangie kampeni nyingine, aliwamwagia viatuni maji aliyooshea samaki, na naona wengine wao wamo kwenye hema lile leo, na viatu vingine. Karibuni mzike, mle chakula, lakini kipaza sauti hiki hamtakishika, na mkikishika nitakuwa na dhambi ya kutubu Jumapili.

Lile panga liliacha mfupa uliopasuka, na tangu 1993 marehemu alisumbuliwa na kichwa na kuanguka kifafa. Mwezi uliopita hali ilizidi, akalazwa hospitali hapa Kisumu, na Jumanne tarehe 3 Februari 1998, saa nne asubuhi, akatutoka, Elsie akiwa amemshika mkono. Hakuwahi kujitetea hata siku moja. Nilipomsihi aseme maneno ya Opiyo mbele ya boma, alinijibu, "Shemeji, nikisema, watoto wa wale wa nyuma watajiona wao ndio waliomuua kaka yako." Niliumia kusikia hivyo, na naumia sasa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Dunga waliokesha nasi, akina mama wa Kaloleni waliochota maji ya msiba huu wote, wafanyakazi wenzake wa zamani, na nyumba ya Mzee Waliaula iliyotoka Kimilili.

Sasa, kabla ya jeneza kuinuliwa, nina ombi moja, nalo wachungaji wameliruhusu. Kila aliyekatwa kamba na kisu cha Selpha siku ile, na kila mtoto aliyezaliwa na mtu huyo baadaye, asimame nyuma ya jeneza, ashike bega la aliye mbele yake, asiachie. Wasike, wewe tangulia, shika kwa mkono uliobaki. Mama Adero, njoo, mlete na mjukuu. Awuor, wasogezee viti wapite.

Naona mstari umefika langoni na bado watu wanainuka. Wazee, nawaomba mje mhesabu, polepole, hakuna atakayeuvunja. Mkimaliza mtuonyeshe kaburi la ndani.

Shemeji, Selpha wetu, Opiyo alisema utamkuta. Nenda ukapumzike naye kwa amani.