Mwalimu Consolata wa Safari za Desemba

Baba Paroko, ndugu wafiwa, majirani wa Kongowe na wageni tuliotoka nao Kisarawe, poleni sana. Mimi ni Mwanajuma Mwinjuma, Mzaramo wa Kisarawe, mwalimu mstaafu. Familia imeniomba nisome maisha ya marehemu kwa kuwa nilikuwa rafiki yake, na tena mtani wake. Mwanzoni nilikataa. Nitawaeleza kwa nini.

Mwalimu Consolata Calist Mihayo alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 hapa Kongowe, Kibaha, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Calist na marehemu mama Imakulata. Baba yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, akapata mke na shamba, hakurudi tena. Kwa hiyo marehemu alikuwa Mnyamwezi wa damu, lakini Unyamwezi aliusikia tu kwenye hadithi za baba yake.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa hadi darasa la saba mwaka 1974, akaenda sekondari Morogoro na baadaye chuo cha ualimu. Januari 1981 alipangiwa shule ya kijiji wilayani Kisarawe, nilikokuwa nikifundisha. Alikuja nyumba ya walimu na sanduku kichwani, ndoo mkononi. Nilisimama mlangoni nikamzibia njia. "Mpagazi," nikamwambia, "babu zako wakipita Uzaramo na pembe za ndovu walitoa hongo ya njia. Wewe unapita na nini?"

Alitua sanduku, akanitazama juu mpaka chini. "Napita na njaa. Nyie si mkisikia ngoma mnaacha chakula jikoni? Nioneshe jiko liko wapi." Tukaishi nyumba moja miaka mitano.

Shule zilipofungwa Desemba 1982 nilimsindikiza Tabora, maana niliona aibu kuwa na mtani asiyekujua kwao. Tulikwenda kwa treni. Bibi yake alikuwa haoni vizuri, akanikumbatia mimi. Alilia, akanipapasa uso, akamshukuru Mungu kwa kumletea mjukuu. Consolata alimwacha bibi amalize, ndipo akasema, "Bibi, huyo ni Mzaramo. Angalia kama kanga yako bado unayo."

Tangu hapo kila Desemba tulisafiri pamoja: Mwanza, Songea, Lushoto, Lindi, kokote nauli ilikotufikisha. Sheria yetu ilikuwa moja tu. Anayekaa dirishani wakati wa kwenda, hakai dirishani wakati wa kurudi. Marehemu alikuwa mpole kwa kila jambo, lakini kwenye dirisha hakuwa na upole hata kidogo. Mwaka fulani nilijisahau nikakaa zamu yake, akaninunia kutoka Iringa mpaka Mbeya.

Tarehe 5 Julai 1986 alifunga ndoa na Ndugu Athanas Kapela, fundi umeme, wakajaliwa Justin na Stellamaris. Shemeji aliambiwa mapema kwamba Desemba mke si wake, akakubali. Marehemu alihamia shule ya Janga, akafundisha huko hadi alipostaafu mwaka 2021. Hakuwahi kumchapa mtoto kwa kutojua kusoma. Alisema kutojua si kosa, ndiyo sababu mtoto kaja shule. Baadhi yenu hapa ni mashahidi, na barua za likizo mnazoandika kazini ni jasho lake.

Aprili mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya ini, akawa anatibiwa Dar es Salaam. Mume wake alijua. Watoto walijua. Nawe Baba Paroko ulijua. Mimi sikujua.

Septemba alinipigia simu, akasema tusingoje Desemba, twende Dodoma kwa treni ya umeme. Nilipomwona nilicheka. "Mnyamwezi, mbona umekonda hivyo, asali imeisha kwenu?"

"Nakufungia Ramadhani mapema," akanijibu, "maana najua wewe huimalizi."

Wakati wa kwenda alinikalisha dirishani. Wakati wa kurudi nilisimama nimpishe, akanivuta mkono. "Kaa wewe. Mimi nimeshaona." Nikadhani uzee umempunguzia ubishi. Nikafurahi, Mungu anisamehe, kwamba leo nimepata dirisha mara mbili. Hilo linaniuma kuliko yote.

Alifariki dunia Jumatano tarehe 14 Januari 2026, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa mkononi mwa mume wake. Nilipofika msibani na kusikia ameugua miezi yote ile, nilimpita shemeji yangu bila kumpa pole, na wengi mliona. Aliponiomba nisome wasifu nilimwambia atafute anayemjua marehemu, maana mimi nimeonekana simjui. Nilikuwa na hasira, na sehemu yake bado ninayo.

Stellamaris alinifuata uani. "Mama mdogo," akasema, "ni mama aliyekataza. Alisema, 'Mwanajuma akijua ataanza kunipa pole. Nyumba nzima inanipa pole. Niachieni mmoja wa kunitukana.'" Nikalia mpaka sauti ikakauka. Kisha nilikwenda kwa shemeji, nikampa pole yake niliyokuwa nimemnyima.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, dada yake Juliana, na mtani mmoja.

Mila inampa mtani haki ya kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Wazee wangu wa Kisarawe wameniuliza kama nitadai mbuzi au kuku. Ndugu zangu, nitalizuia, kwa sababu bado sijawa tayari. Mniachie kidogo. Lakini sitadai kitu. Hongo yake alishanilipa, dirishani, kwenda na kurudi.

Consolata, mpagazi wee, mzigo wote ule umeubeba peke yako, mimi hukunishikisha hata kamba yake. Ndivyo mlivyo nyie Wanyamwezi. Haya, tua sasa, umefika. Mzaramo nimekupisha njia. Pita, mwenzangu, ukapumzike kwa amani.