Mehjabin Gulamali na Kompyuta Iliyonyamaza Geita

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mehjabin Gulamali, fundi kompyuta wa Shinyanga, tuliyemzika Ijumaa iliyopita. Kaka yake, Sameer, anasema tangu utotoni dada yake alikuwa na swali moja tu: "Kwa nini?" Alifungua redio ya baba yao akitafuta anayeongea ndani.

Turudi mwaka 1998. Hospitali moja ya Geita, mtaa wa Kalangalala. Mchimbaji Maduhu ameangukiwa na mwamba shimoni. Mguu umepondeka. Daktari anataka kuukata, lakini kwanza picha ya mguu imfikie bingwa wa mifupa Mwanza. Picha hupitia kompyuta moja inayoendeshwa kwa mfumo wa Linux. Na kompyuta hiyo, asubuhi hiyo, imepoteza mtandao.

Mehjabin alikuwa pale kikazi. Muuguzi Bernadina anakumbuka: "Sisi tunahaha, yeye macho yanamng'aa! Akasema, 'Tuanzie karibu, dada, twende mbali taratibu.'"

Akatazama waya. Mzima, taa inawaka. Akaiuliza kompyuta kama inajisikia yenyewe. Ikajibu. Kutoka hapo akaiita, kwa mtandao, kompyuta ya daktari. Kimya. Akaita tena. Ikajibu! Kisha kimya.

"Haijafa," akasema. "Inajibu ikipenda. Kwa nini?"

Daktari akafoka, "Mgonjwa anasubiri, mama!"

"Najua, daktari. Bernadina, leo mmewasha kitu gani kipya?"

"Kompyuta ya stoo ya dawa. Imeletwa jana."

Mehjabin akakimbilia stoo. Wasikilizaji, kila kompyuta kwenye mtandao hupewa namba yake. Ile mpya ilikuwa imepewa namba ileile ya kompyuta ya Linux. Namba moja, kompyuta mbili. Ujumbe ukitumwa, mara unafika huku, mara kule. Akaizima ya stoo, akarudi mbio kwenye ile ya Linux. Akaita tena. Ikajibu, ikaendelea kujibu. Picha ikaenda Mwanza.

Jibu likarudi mchana: msikate, mleteni huku.

Ijumaa, Maduhu alikuja mazikoni kwa miguu yake yote miwili. Akatuambia, "Yule mayu, mama yetu yule, sikuwahi hata kumsalimia. Nilikuwa nimezimia."

Kwa Sameer na ukoo wote wa Gulamali, tunalia pamoja nanyi. Mungu amlaze Mehjabin pema. Nasi wengine, kitu kikigoma mbele yetu, tujiulize: tumekiuliza nini, kabla ya kukipiga kofi?