Mikono Minne Anavua Koti la Maabara

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne, fundi wetu wa maabara ya kemia anastaafu tarehe 30 Juni. Jina la kwenye faili wengi hawalijui. Kwetu yeye ni Mikono Minne, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Kila mwaka hukaa juu ya stuli, akanyoosha mikono na miguu, akatangaza kwamba yeye ni kaboni, yenye vifungo vinne, na anatafuta wa kushikana naye. Mwaka wa ukaguzi alimshika mkaguzi mikono yote miwili, ili kuonyesha kwamba kifungo maradufu hakizunguki. Stuli ilizunguka. Mkaguzi aliondoka na vumbi magotini, lakini alama alitupa nzuri.

Ukaidi wake ni gundi ya kubandikia lebo za chupa. Ya dukani haitaki. Hujipikia yake ya unga. Mende nao waliipenda. Asubuhi ya mtihani wa vitendo, miaka kumi na tisa iliyopita, chupa tatu zilikutwa uchi, lebo zimeliwa: ethanoli, asidi ya ethanoiki na heksini, zote hazina rangi, kama maji. Watahiniwa themanini na sita walikuwa wamepanga foleni nje.

Angeweza kunusa tu, na pua yake haijapata kumdanganya. Hakukubali. Alitia magadi katika matone ya kila chupa, moja ikatoa povu: asidi. Akatia maji ya bromini katika mbili zilizobaki, moja ikayafuta rangi papo hapo: heksini, yenye kile kifungo maradufu. Tone la chupa ya mwisho aliliwasha, likawaka buluu bila masizi: ethanoli. Akarudia vipimo vyote tangu mwanzo, saa ikiyoyoma.

Kisha akatoka nje, akatuambia sote kwamba mtihani umechelewa kwa kosa lake, si la mwingine. Alipewa onyo kwa maandishi. Amelibandika kabatini, kwa gundi ileile.

Ndiyo, nasema akatuambia. Nilikuwa kwenye foleni hiyo, narudia kemia, na mama alikwishasema hakuna mara ya tatu. Kumwona mtu mzima akikiri kosa mbele ya watoto kulinituliza kuliko dua zote za nyumbani. Nilifaulu, na leo nafundisha chumba cha pili kutoka kwake.

Ahsante, mzee wetu. Tunakuombea afya, siku nyingi, na usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele. Nasi tukikosea, tutatoka nje tuseme wenyewe.