Mama Muhuri na Jumatano Ambayo Hakuirudisha Nyuma

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, karani mkuu wa masjala ya Kamati ya Nidhamu ya Mawakili atafunga dirisha lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Barua yake ya kustaafu ina jina lake kamili, lakini ukiliulizia jina hilo koridoni watu watakushangaa. Sisi tunamjua kama Mama Muhuri.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, akapelekwa masjala kwa wiki mbili tu kumshikia nafasi mwenzake aliyekuwa likizo ya uzazi. Wiki mbili hizo ndizo zinazoisha Ijumaa. Kazi yake ilikuwa kupokea malalamiko dhidi ya mawakili: kuyagonga muhuri wa tarehe, kuyapa namba na kuyaandika kwenye daftari kubwa jekundu. Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, alizungusha vigurudumu vya muhuri hadi tarehe ya siku hiyo, akaujaribu kwenye karatasi chakavu. Ndipo ofisi ilipohesabika kuwa imefunguliwa.

Mawakili waliochelewa kujibu malalamiko walimjua vizuri. Walifika dirishani na shikamoo ndefu, habari za wajukuu, pole ya mgongo. Aliitikia zote kwa uchangamfu, kisha akamalizia: "Marahaba, mwanangu. Leo ni tarehe kumi na nne." Mwenyekiti wetu mmoja aliwahi kuleta karatasi yake dakika tano baada ya dirisha kufungwa. Kesho yake alipanga foleni kama watu wengine, akijicheka mwenyewe.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu nilitaka kuishia hapo. Ningeongeza majalada elfu kumi na moja bila hata moja kupotea, na makarani sita aliowafundisha, mambo yakaisha. Lakini mimi ndiye katibu wa Kamati hii. Nikiishia hapo nitakuwa nimefanya tena nilichokifanya mwaka ule wa maandamano.

Mwaka ule watu walikamatwa kwa mamia, na wakili mmoja, niliyesoma naye chuoni, alikuwa akishinda mahakamani kutwa akiwaombea dhamana. Wakubwa walimchoka. Jumatano moja ililetwa barua ya kumlalamikia kwamba amevunja maadili ya taaluma kwa kuzungumza na waandishi wa habari, na simu ikapigwa kwamba asikilizwe kesho yake. Kanuni zetu zinampa wakili siku ishirini na moja za kujibu. Uamuzi wa kumfuta kwenye orodha ya mawakili ulikuwa umeshapigwa chapa, uko kwenye droo yangu. Kilichopungua ni muhuri wa wiki tatu nyuma.

Nikaenda kwa Mama Muhuri. Aliisoma barua, akanirudishia.

"Hii imefika leo, mwanangu."

Nikamweleza kwamba amri imetoka juu, kwamba tukileta ubishi tutamwaga unga sote. Akanijibu kwa upole kwamba vigurudumu vile vinazunguka upande mmoja tu. Nilijua anatania, na nilijua anachoniambia. Nikauchukua muhuri mezani pake, nikavirudisha nyuma kwa mkono wangu. Vilizunguka bila shida yoyote. Nikagonga, nikamwachia barua aiandike daftarini, nikatoka haraka nisione anaandika nini.

Alhamisi tulimfuta mwenzetu kwa dakika ishirini. Aliuliza alipewa lini barua ya malalamiko. Wajumbe walitazama meza, nami nikaendelea kuandika kumbukumbu za kikao kana kwamba sikusikia. Wiki iliyofuata nilisaini barua ya kumhamishia Mama Muhuri kwenye ghala la majalada ya zamani, chini kabisa ya jengo, chumba kisicho na dirisha. Nilimwandikia kuwa ni kwa mahitaji ya kazi.

Alikaa huko miaka sita. Yule wakili alifungua kibanda cha fotokopi ng'ambo ya barabara, mkabala na mahakama alimokuwa akisimama. Mimi nikajizoesha kupita uchochoro wa nyuma, hata siku za mvua. Mama Muhuri alipeleka fotokopi zake zote pale, na kila mara alimwamkua kwa sauti ya kusikika: "Habari za asubuhi, wakili!"

Upepo ulipogeuka, wakili akakata rufani. Majaji wakataka kuona daftari. Mama Muhuri alipanda nalo kutoka ghalani, amelizungushia nailoni lisishike unyevu. Lalamiko namba 46 lilipokelewa Jumatano. Namba 47, dhidi ya wakili wetu, Jumatano hiyo hiyo, na pembeni kwa mwandiko wake mdogo: "Tarehe ya muhuri siyo yangu." Leseni ya mwenzangu ilirudi mwezi huo.

Mimi nilijitetea kuwa zilikuwa nyakati ngumu, nikaeleweka upesi kuliko nilivyostahili. Nikamrudisha Mama Muhuri dirishani kwa barua nyingine, tena kwa mahitaji ya kazi. Sikumwomba radhi. Miaka mitatu sasa nampita kila asubuhi, ananisalimia vizuri, na kila akinisalimia natamani ardhi inimeze. Naona aibu hata kuandika neno "maadili", na neno hilo limo kwenye kichwa cha kila barua ninayosaini.

Jumatatu wiki hii nilipanga foleni dirishani kwake na lalamiko la kurasa mbili dhidi ya wakili ambaye ni mimi. Alilisoma lote, taratibu, watu wakinung'unika nyuma yangu. Akakagua vigurudumu, akagonga, akaandika namba 112 daftarini, akanirudishia nakala yangu.

"Una siku ishirini na moja za kujibu, mwanangu."

Mwenzangu sikumpa hata moja.

Mama, kwa niaba ya ofisi nzima, asante. Kwa niaba yangu mwenyewe, nisamehe. Ningekuambia hayo zamani kama ningekuwa na uso. Tunakuombea afya, mgongo uliopona, na asubuhi nyingi za kuamka bila kujali leo ni tarehe ngapi.