Mama Povu, Aliyeambiwa Hana Vidole

Marehemu dada yetu, ambaye watoto walimwita Mama Povu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la saba. Baba alipougua, vitabu vikafungwa. Mwaka 1980 aliolewa na dereva wa lori, marehemu shemeji yetu, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1986 aliajiriwa kituo cha kulelea watoto wachanga. Aliwaogesha, akawabembeleza, akafua nepi zao chumba cha nyuma kwenye karo la saruji. Kabla ya kumpokea, mlezi mkuu wa wakati ule alikuja mwenyewe mtaani kwetu, akauliza nyumba kwa nyumba: "Huyu akikasirika huwaje?" Zamani mtu alichunguzwa hivyo, kwa wanaomjua.

Mwaka jana likaja agizo: kila anayegusa mtoto achukuliwe alama za vidole, historia yake ikaguliwe. Watoto walindwe, nani atakataa? Lakini vidole vyake vililiwa na sabuni na saruji, vikawa laini kama mgongo wa kijiko.

"Bibi," karani akamwambia, "mashine inasema huna vidole."

"Basi hivi kumi nimeazima kwa nani, mjukuu wangu?"

Foleni nzima ilicheka. Yeye alirudi nyumbani hana kazi. Meneja wa kituo alisema sheria ni sheria. Marehemu alipokwenda angalau kuwasalimia watoto, meneja huyo huyo alimsimamisha getini kama mwizi wa kuku. Naye alilelewa kituo hicho hicho, nepi zake mwenyewe zilifuliwa na marehemu! Meneja yupo hapa leo, ameshika shada la maua.

Februari mwaka huu figo zilimlaza. Miezi mitano hakugusa sabuni. Asubuhi moja aliniita: "Kaka, tazama, mistari imerudi. Nipeleke." Tulimbeba. Mashine ikamkubali papo hapo, na Ijumaa jibu likaja: hana doa lolote. Sisi tulilijua hilo tangu 1958.

"Jumatatu naanza kufua," alisema.

Alifariki Jumapili, tarehe 21 Julai 2024.

Ameacha watoto watatu, wajukuu sita, nami kaka yake.

Dada, lala kwa amani, mikono ipumzike. Na shada la meneja libaki getini, pale alipokusimamisha.