Mikono ya Nsanzimana

Pale Nkwenda, nyuma ya mashine ya kusaga, kuna benchi la mkaratusi lililobeba ubishi mwingi kuliko mahakama ya mwanzo. Placida huuza kahawa hapo, na wateja wake wana majina waliyobatizwa na benchi lenyewe. Kahigi ni Hakimu, kwa kuwa hajawahi kusikiliza upande wa pili. Winston ni Redio, hazimwi wala habadilishwi stesheni. Na Cleophace, tangu Septemba alipowagawia wenzake mbegu ya mahindi, hindi moja nene kama mkono wa mtu mzima, huitwa Baba Mbegu. Jina hilo alilipenda mno. Asubuhi hiyo ya Novemba lilimchoma, maana kwa siku tatu alikuwa ameiona mimea yake ikipata michirizi ya njano na kufa kuanzia moyoni, na hakumwambia mtu. Aliogopa.

— Mahindi yangu yameingia njano, Redio alianza. Yote ya bondeni.

— Yangu pia, alisema Hakimu. Juzi yalikuwa yanacheka, leo yamenuna.

— Ni mnara wa simu. Tangu uwekwe pale kilimani, hata nyuki hawapiti.

— Mnara wapi! Ni malori ya usiku yanayotoka mpakani. Yanapuliza moshi mweupe. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Asali inaingiaje hapo, Hakimu?

— Wewe kunywa kahawa.

Redio akainama, sauti ikashuka.

— Basi niwaambie. Kuna ndege ndogo, haina rubani. Binamu yangu aliiona. Inapima udongo wetu, ikishapima inaunyonya rutuba. Mahindi yanabaki yanakula hewa.

— Waitu! alishtuka Placida. Na migomba je?

— Zamu yake inakuja. Mnyauko ule wa migomba mmeshausahau?

Hakuna nyumba Kyerwa iliyousahau mwaka ilipofyeka migomba na panga likawa linalia kibanja kizima. Kila uongo wa Redio ulimpa Cleophace ahueni, akawa anauombea uzidi kuwa mrefu, maana mnara haupigwi na ndege haina mtu wa kutengwa.

Yeye alijua. Mwezi wa saba alikuwa Bugene kwa shemeji yake. Bwana shamba alikuwa ameamuru shamba zima la shemeji ling'olewe, lichomwe kwa sababu ya ugonjwa. Juu ya lile lundo Cleophace aliona mahindi makavu, manene, hayana doa. Akaona ni dhambi kuchoma chakula. Akabeba magunia mawili kwa bodaboda, akaja kugawa kwa mikono miwili kama ada inavyotaka, kwani jirani hauziwi mbegu.

— Mimi nimefikiri, alisema Hakimu polepole. Kibarua gani kapalilia shamba langu?

— Nsanzimana.

— Na lako?

— Nsanzimana.

— Na la Baba Mbegu, ambalo nalo jana nililiona limeingia njano?

Cleophace akaitikia kwa kichwa.

— Mnaona? Mtu mmoja, mashamba matatu, ugonjwa mmoja. Uko mikononi mwake. Wahenga hawakukosea, mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu kaja, nani kapona?

— Leo asubuhi nimemrudisha mlangoni, akaongeza Hakimu. Na jioni twende watu kumi, tumwambie ahame kabla ya Jumapili. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo tusichelewe.

Redio akakubali. Cleophace alitaka kusema, akakiona mawazoni chama cha kuzikana kimekaa bila yeye, jeneza lake limekosa wabebaji. Akaomba kahawa nyingine, na akajichukia.

Ndipo alipofika Gloriose, mke wa Nsanzimana, jembe begani, miguu ina tope.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, walijibu kwa shida.

— Mume wangu amerudi nyumbani analia. Ameambiwa mikono yake inaua mahindi. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Kila jioni akitoka kwenu anapalilia la kwetu, kwa jembe hili hili. Mbona la kwetu ni bichi?

Hakimu alichungulia ndani ya kikombe kana kwamba hukumu imezama humo.

— Ninyi mlipanda mbegu gani? aliuliza mwishowe.

— Ile fupi nyekundu ya zamani, mnayoicheka. Ya Baba Mbegu tuliiomba, tukaambiwa imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Siku ile Cleophace alikuwa na debe mbili ndani, aliona tu si za kumpa kibarua. Alimtazama yule mama, akawawaza watoto wake jioni hiyo wakibebeshwa magodoro barabarani.

— Ni mbegu yangu, alisema. Niliitoa Bugene kwenye lundo la kuchomwa. Bwana shamba alikataza, nikabeba.

Afadhali wangempigia kelele. Redio aliacha kahawa yake, akaondoka kuelekea bondeni, karibu anakimbia. Hakimu alitafuta methali, akaikosa, akamsogelea Gloriose na kumwomba radhi kwa sauti ambayo benchi halikuwahi kuisikia kwake.

Placida alibaki amesimama na birika.

— Cleophace. Ile uliyompelekea mama yangu kule Chonyonyo, ulipokwenda kumpa pole?

— Ndiyo hiyo hiyo. Kesho alfajiri nitakwenda, tuing'oe yote.

— Utaing'oa wapi? Mama aliona ni nzuri mno kuwa ya mtu mmoja. Aliipeleka kanisani. Kila jumuiya ilichukua kopo moja.