Jioni Anakula Nini

Benchi la Mzee Farajala lilikuwa hapa Bondeni, ukutani mwa duka la makaa. Mguu mmoja wa benchi ulikuwa umevunjika, na pahali pake pakawekwa jiwe. Mzee aliuza kahawa, mimi niliuza mandazi kando yake nikiwa nimembeba Chepkemei mgongoni, na jua likizunguka yeye ndiye aliyenihamishia karai upande wa kivuli bila kuambiwa. Mwaka huo wa hamsini na nane, benchi lilikuwa na habari moja tu: mume wangu Kipketer, kibarua wa reli, aliyekimbia maili sita katika timu yao. Mara mbili alikuwa ameongoza mpaka karibu na mwisho, kisha miguu ikakataa. Msimamizi wa timu alimwambia kwamba katika mbio za mwisho wa mwezi miguu ikikataa tena, jezi itapewa mtu mwingine. Na walioandikwa kazi ya kudumu pale reli walikuwa ni wenye jezi.

Gachanja, mmoja wa wazee wa benchini, alikuwa akifagia kortini, kwa hivyo tulimwita Jaji. Kila jambo alilitolea hukumu.

— Mbio ni nyama, alisema siku moja. Nyama ikiingia kwa mtu, inatafuta pahali inafanana. Ya mguu inaenda mguuni.

— Mguu gani? aliuliza Nyongesa, mwenzake wa kahawa. Wa mbele ama wa nyuma?

— Wa nyuma. Ndio unasukuma.

— Basi wewe umekuwa ukimpa wa mbele. Ndiyo sababu anaongoza halafu anasimama.

Jaji akakubali kwamba hakuwa amemuuliza mwenye bucha.

Nyongesa mwenyewe alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja huko juu, na tulimwita Sufuria. Yeye aliamini mayai mabichi. Bwana wake alikula mayai kila asubuhi, akasema, na hajawahi kumwona amechoka.

— Anakimbia wapi huyo bwana wako? Jaji akamuuliza.

— Hakimbii. Nimesema hachoki, sijasema anakimbia.

Mzee Farajala aliwamiminia tena, akawaambia kwamba wote wamepotea. Dawa ni samaki wa Naivasha, kwa sababu samaki anakaa chini ya maji maisha yake yote na hahemi. Mtu akiwa na samaki tumboni hatahitaji pumzi nyingi. Nyongesa akamkumbusha kwamba samaki akitolewa majini anakufa papo hapo. Mzee akasema basi Kipketer aombe mbio zipangwe siku ya mvua.

Nilicheka mpaka Chepkemei akaamka. Lakini watu hawa hawakuwa wa maneno tu. Asubuhi ya mbio zote mbili walikuja kwetu kabla ya Kipketer kufunga viatu. Jaji alileta nyama ya mguu, na najua ilikuwa nyama yake ya Jumapili. Nyongesa alileta mayai, Mzee akaleta samaki amefungwa kwa gazeti. Kipketer hawezi kukataa chakula cha wazee. Alikula vyote, akaenda uwanjani ameshika tumbo, na mimi nikawashukuru kwa mikono miwili.

Siku hiyo ya mabishano, tukiwa bado benchini, Jeruto alitokea. Ni nesi wa hospitali, na ndiye aliyenishika mkono nikijifungua, akikataa kuniacha hata walipomwita kwingine. Alikuwa akipita akataka kumwona mtoto. Alikaa upande wa jiwe, akapewa kahawa, akasikiliza habari ya miguu ya mbele na ya nyuma mpaka ikaisha. Kisha akauliza:

— Jioni akitoka kwa mazoezi, anakula nini?

Jaji alimtazama Nyongesa. Nyongesa alimtazama Mzee. Halafu wote wakanitazama mimi.

— Ugali, nikasema.

— Na nini?

Nikapanga mandazi upya kwenye karai. Kwetu maharagwe yalikuwa machache, na kila jioni Kipketer aliyasukuma yote upande wangu wa sahani. Aliniambia ameshiba, wazee wamempa chakula benchini, na mimi ninanyonyesha. Nilimwamini, kwa sababu niliwajua wazee hawa.

— Mzee, nikauliza, jana jioni mlimpa nini?

Mzee Farajala alishika birika lake kwa mikono miwili.

— Kahawa, mama.

— Na juzi?

— Kahawa.

Jeruto hakutucheka wala hakutukemea. Alitueleza taratibu kwamba mtu anayekimbia mbali anachakaza mwili wake, na mwili unajengwa upya akipumzika. Kwa hivyo chakula cha kujenga kinatakiwa kila siku, na zaidi akitoka mbioni, si kurundikwa asubuhi ya mashindano. Nyama ni nzuri, lakini hata ugali na maharagwe vinatosha kufanya kazi hiyo, kwa sababu maharagwe yana kitu ambacho mahindi yanakosa. Halafu akamshika Chepkemei kidole.

— Na huyu mama anajenga mtoto. Mko na wajenzi wawili katika nyumba moja, na mawe ni ya mmoja.

Jaji alinyoosha kikombe. Mzee alipindua birika, na halikutoa kitu.

Jioni hiyo Jaji alikuja mlangoni na mkebe wa maharagwe yaliyokwisha kulowekwa. Alisema, bila kuniangalia, kwamba ni ya sahani mbili. Kesho yake Nyongesa akaleta maziwa. Walipeana zamu hivyo mpaka mwisho wa mwezi. Nilipomuuliza Kipketer kwa nini alinidanganya, alisema tu, “Ulikuwa umekonda.” Nikashindwa kumkasirikia.

Siku ya mbio alikunywa uji mapema, na hakuna aliyekuja mlangoni. Niliwakuta wazee uwanjani wamekaa kwa nyasi, mikono katikati ya magoti kama watu waliokatazwa kitu. Kipketer hakuongoza. Alikaa katikati ya wenzake, na mzunguko wa mwisho ulipofika niliogopa kutazama miguu yake, nikatazama uso wa Jaji. Uso wa Jaji ukafunguka. Kipketer alimaliza wa tatu, amesimama wima, na msimamizi akampita akimwambia asisahau kufua hiyo jezi.

Alikuja kwetu polepole.

— Tumbo linasemaje? Jaji akamuuliza.

— Nasikia njaa, mzee.

Wote watatu waliinuka pamoja. Chini ya koti la Mzee Farajala kulikuwa na kibuyu cha maziwa ya mala yaliyoganda, kilichokuja na lori la viazi kutoka Molo. Jaji alikuwa na nyama ya mguu. Nyongesa alikuwa na mayai, safari hii yamechemshwa. Akamenya la kwanza vizuri, akapuliza maganda madogo yaliyobaki, akanipa mimi.